"Bahari imekuja kidogo kidogo": namna ya kulisema hilo kwa Kiingereza

Tuseme umepewa kazi ya kuhoji wazee wa pwani ya kusini mwa jiji la Tanga, kule Mwarongo, Tongoni na Kigombe, kisha uandike ripoti kwa Kiingereza. Unaamkia, "Shikamoo babu," unaitikiwa "Marahaba mjukuu wangu," na baada ya habari za nyumbani unauliza kuhusu ufukwe. Unajibiwa hivi:

"Bahari imekuja. Haikuja siku moja, imekuja kidogo kidogo, hata sisi wenyewe hatukujua. Mnazi ule ulikuwa mbali. Leo mizizi iko nje."

Kwa Kiswahili hapo hakuna cha kuongeza. Lakini likihamishwa neno kwa neno, jibu hilo huja hivi: "The sea has come. It did not come one day, it came small small, even us we did not know. That coconut was far. Today the roots are outside." Msomaji wa ng'ambo ataelewa kwamba kuna nazi, tunda lenyewe, iliyokuwa mbali, kwamba bahari ilifanya jambo kwa siri, na kwamba mizizi imetoka nje kama mtu anavyotoka nje ya nyumba.

Mwongozo huu ni wa wanaokutana na sentensi za aina hii kazini: makatibu wa BMU (vikundi vya wanajamii vinavyosimamia uvuvi na fukwe) wanaowaandikia wafadhili, waongoza watalii wa Amboni na Tongoni, wakalimani, wanafunzi wa vyuo. Orodha ndefu ya maneno utaipata kwenye kamusi yoyote. Shida ya watu wengi si kukosa neno, ni kulichagua.

Kwanza ivunje "kidogo kidogo"

"Kidogo kidogo" yetu hubeba mambo matatu kwa mkupuo: badiliko ni dogo, linakwenda polepole, na halionekani. Kiingereza huyagawa. Kwa hiyo kabla ya kalamu kugusa karatasi jiulize: badiliko lenyewe ni dogo? Au ni mwendo wake ulio wa polepole? Au ni watu ambao hawakuliona? Majibu hayaendi pamoja siku zote. Bahari iliyokula mita 20 za ufukwe kwa miaka 30 imefanya badiliko kubwa kwa mwendo wa polepole. Kilo ya dagaa iliyopanda shilingi 50 usiku wa kuamkia leo ni badiliko dogo la ghafla.

Udogo una "slight", "tiny", "minute", "marginal". Mwendo una "gradual", "slow", "little by little", "bit by bit". Jicho lina "imperceptible", "unnoticed", "hardly noticeable". Ukichukua neno la kundi moja ukalipa kazi ya kundi jingine, ripoti nzima inapinda. "There has been a slight loss of beach over thirty years" inamwambia mfadhili kwamba ufukwe uliopotea ni mdogo, basi fedha zipelekwe kwingine. Ulikusudia kusema "The loss has been gradual, but it has not been small."

"Subtle" linastahili onyo la peke yake, kwa sababu limekuwa pambo. Halipimi ukubwa, linapima ugumu wa kutofautisha. Mchuzi wa samaki wa nazi uliokamuliwa ndimu kidogo zaidi ya jana una "a subtle difference": anayejua kupika ataitambua kwa kijiko cha kwanza, mwingine atakula tu. Maji ya kisima yakishuka sentimita 4, hilo si "subtle". Ni "slight", na bora zaidi ni kuandika sentimita zenyewe.

"Steadily" nalo si polepole. Maana yake ni bila kusita na bila kurukaruka, hata kama mwendo ni wa kasi. Maji ya bahari hujaa "steadily" kwa saa sita, na aliyeacha ndoo yake mchangani anajua kwamba hayakuwa na upole wowote.

Halafu kuna jozi inayoweza kuleta hatari ya kweli: "imperceptible" na "negligible". La kwanza linasema halionekani. La pili linasema ni dogo kiasi kwamba usilijali, yaani umeshatoa hukumu. Chumvi ikipanda kisimani mwaka hadi mwaka bila wanywaji kuionja, hiyo ni "an imperceptible increase". Ukiandika "a negligible increase" umetia saini kwamba maji ni salama. "Insidious" ni kinyume chake: hutumika kwa baya tu linalojenga kimyakimya, kama ugonjwa au rushwa. Mtoto hawezi kuendelea vizuri shuleni kwa namna iliyo "insidious".

Kwa badiliko dogo la kitu cha kuonja, kuona au kupima, Kiingereza cha kawaida kina vijineno ambavyo wageni hawavitumii vya kutosha. Rangi huchukua "a shade": "a shade darker". Ladha na hisia huchukua "a touch": "a touch too salty". Ngazi na viwango huchukua "a notch". Vipimo huchukua "a fraction": "a fraction lower than last month". Sauti, harufu na michoro iliyo hafifu ni "faint".

Bado "kidogo" yenyewe ina mitego miwili. "A little change" ni mabadiliko kidogo. "Little change" ni karibu hakuna mabadiliko. Herufi moja tu, na sentensi imegeuka. Mtego wa pili: "nyembamba kidogo" kwa Kiswahili yaweza kuwa nyembamba kiasi, au nyembamba kuliko zamani. Kiingereza kinakulazimisha uchague kati ya "slightly narrow" na "slightly narrower". Unapoeleza badiliko, ni ya pili karibu kila mara.

Na "slowly by slowly"? Inasikika kuanzia Horohoro hadi Kampala na kila mtu wa huku anaielewa. Ni "polepole" yetu iliyovishwa suti. Kwenye mazungumzo ya wenyeji iache iishi. Kwenye ripoti andika "slowly", "gradually" au "little by little".

Siku baada ya siku

Hapa hata walimu hujikwaa. "Day by day" ina badiliko ndani yake: "Day by day the channel grew shallower." "Day after day" ni marudio tu, na mara nyingi ina uchovu: "Day after day they went out and came back with the same small catch." Kwa miaka kuna na ya tatu: "year on year" ni ya wahasibu, ikilinganisha kipindi cha mwaka huu na kipindi kilekile cha mwaka jana. Usiitumie kupamba.

"Kadiri muda ulivyokwenda" ni "over time" au "with time", bila "the". "In time" ni kitu kingine: hatimaye, au kabla hujachelewa. Na ile "kadiri... ndivyo" yetu inataka "the" mbili na sifa mbili za kulinganisha: "The further the sea comes in, the narrower the beach gets." Watu wengi hudondosha "the" ya pili, na sentensi inabaki na mguu mmoja.

Kitenzi ndicho kinachotembea

Mwandishi mzoefu wa Kiingereza hategemei sana "gradually". Anatafuta kitenzi ambacho polepole imo ndani yake, kama sisi tunavyosema khanga "imepauka" bila haja ya kuongeza "taratibu". Vitenzi hivyo kila kimoja kina nyumba yake, na hapa ndipo panapofaa kukaa muda mrefu.

"Creep" ni kutambaa, kwa kitu kinachosogea huku hukitazami. "Creep up" ni ya bei na joto. "Creep in" ni ya makosa kwenye daftari, na ya bahari pia. "Creep up on" inahitaji mtu anayejiwa: "Old age crept up on him." Wakati uliopita ni "crept", "creeped" itakuaibisha. Kitenzi hiki kina harufu ya ubaya, kwa hiyo usikipe mapato yanayoongezeka kama unafurahia ongezeko hilo.

"Edge" ni kusogea kidogo tu, na magazeti ya biashara hukipenda: "Prices edged up." Kinasisitiza udogo kuliko upole, kwa hiyo bei inaweza "edge up" ndani ya saa moja. "Inch" ni kusogea kwa taabu, hatua ndogo baada ya hatua ndogo. Ni ya foleni ya kivukoni, au ya mashua inayosukumwa kwenye matope maji yakiwa yamekupwa.

"Drift" inatufaa sisi wa pwani kuliko watu wa bara, maana tunaijua kwa macho: chombo kilichokatika nanga na kinachukuliwa na mkondo. Badiliko lisilo na nahodha ni "drift". Mchanga hufanya hivyo, mazungumzo hufanya hivyo, na marafiki wawili walioacha kutembeleana bila ugomvi "drifted apart". Kama kuna mtu aliyeamua, "drift" si mahali pake.

Maji ya chumvi yanayopenya taratibu kwenye visima huchukua "seep": "Salt water is seeping into the wells." Kijito kinachojaa matope kutoka juu ni "silting up", usisahau "up". Ukuta uliotoa ufa mwembamba kama unywele una "a hairline crack", na ufa huo hu-"widen", hau-"grow up". Nyumba iliyoshuka kidogo ardhini ime-"settle". Ikiinama ni "lean". Boriti iliyolegea katikati ni "sag". Kwenye makaburi ya nguzo ya Tongoni, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, lipu inayobanduka vipande ni "flaking off", jiwe linaloliwa na upepo wa chumvi ni "wearing away", na pembe zilizolainishwa na miaka ni "worn smooth". "Wear out" ni ya nguo, viatu na watu waliochoka. Mnara hauwi "worn out".

"Bahari inakula ufukwe" ina bahati ya kuvuka salama, mradi uongeze viungo vyake: "The sea is eating away at the beach," au "eating into". Bila hivyo, "the sea is eating the beach" inasikika kama hadithi ya watoto. Neno la kitaalamu ni "erode", na mmomonyoko ni "erosion".

"Fade" ni ya rangi, sauti, kumbukumbu na matumaini. Hapa kuna mtego kwa wanaoandika kuhusu matumbawe. Matumbawe kuwa meupe kwa sababu ya joto ni "coral bleaching", na jambo hilo hutokea ndani ya wiki chache maji yanapobaki na joto kupita kiasi, kama ilivyotokea magharibi mwa Bahari ya Hindi mwaka 1998. Ukiandika "the corals have gradually faded" umekosea rangi na umekosea mwendo.

"Dwindle" ni ya idadi inayokwenda kwenye sifuri: samaki, akiba, wanachama wa kikundi. Haina yambwa. "Trawlers have dwindled the fish" haipo. Sema "Fish stocks have dwindled", kisha msababishaji aje katika sentensi yake. "Taper off" ni mvua au homa inayokatika taratibu. "Wane" ni ya mwezi, mamlaka na hamu.

Ukikosa kitenzi maalumu, tumia "grow" na sifa: "The water has grown saltier", "People grew tired of reporting it." "Turn" ni ya haraka zaidi, na "go" hupenda kuharibika: maziwa hu-"go sour", mtu hu-"go bald". Kosa lenyewe hasa ni kukosa kitenzi chochote cha kugeuka: "The beach is gradually narrow." Sifa haiendi peke yake, lazima ibebwe: "is gradually getting narrower".

Kwa mazoea ya watu kuna "come to": "Fishermen have come to accept smaller catches." Na kuonyesha ncha mbili za badiliko hakuna chombo bora kuliko "used to" na "no longer", "now". Tahadhari na jirani yake: "I used to sell fish" ni nilikuwa nauza, sasa siuzi. "I am used to selling fish" ni nimezoea. Wengi wetu husema "I used to go there" tukiwa bado tunakwenda.

-me- peke yake haitoshi

"Ufukwe umepungua." Umepungua ukaisha, au bado unapungua? Msikilizaji wa Kiswahili hujua kwa muktadha. Kiingereza hudai jibu. "The beach has shrunk" inatazama matokeo. "The beach has been shrinking" inatazama mwendo, na inadokeza kwamba haujasimama. "The beach shrank" ni habari ya kipindi kilichofungwa, hivyo inataka tarehe zake: "The beach shrank between 2005 and 2015."

Kwa badiliko la taratibu linaloendelea, chaguo lako la kwanza liwe "has been" na "-ing", yaani "imekuwa ikipungua". Ikiambatana na "tangu", ni "since" na mwanzo: "since 2015", "since the road was built". Ikiambatana na "kwa miaka kumi", ni "for": "for ten years". "Since ten years" ni kosa linaloonekana kutoka mbali, na "since long" ni ndugu yake.

"Hadi sasa" nayo iangalie. "So far the wall has held" ni hadi sasa ukuta umesimama. "Until now the wall has held" inamfanya msomaji asubiri habari mbaya, kwamba leo umeanguka.

Hatukujua, hatukuona, hatukugundua

Katika jibu la mzee, "hatukujua" haina maana ya kukosa elimu wala ya kufichwa. "Without our knowing" au "we did not know" huleta picha ya siri, kana kwamba kuna mtu aliyetuficha. Neno linalotakiwa ni "notice": "we hardly noticed". "Discover" ni kugundua kitu kilichokuwa hakijulikani, kwa hiyo "we did not discover that the sea was coming" inachekesha. "Realise" ni pale akili inapounganisha: mtu aliona mawimbi kila siku, ila hakutambua maana yake. Unaweza kuandika zote mbili kwa mpangilio: "They saw it every day, but only realised how much had gone when the palm fell."

"Hardly", "barely" na "scarcely" tayari zina ukanushi ndani. "We did not hardly notice" ni kukanusha mara mbili. Tena "hardly" si kwa nguvu: mawimbi hupiga "hard". Ukisema "The waves hit the wall hardly" hujaeleweka kabisa.

Kwa hali ya kila kizazi kuona ufukwe wake mwembamba kuwa ndio wa kawaida kuna istilahi tayari, "shifting baseline syndrome". Daniel Pauly, mtaalamu wa uvuvi, aliiandika mwaka 1995 akizungumzia wanasayansi wa samaki: kila kizazi huchukua wingi kiliouona kilipoanza kazi kama kipimo cha kawaida, na upungufu wa kabla yake hausomeki popote. Inafaa sana kwenye ripoti ya uvuvi, lakini ieleze kwa sentensi moja mara ya kwanza unapoitumia.

Namba, na maji ya bamvua

Neno zuri haliwezi kuokoa kipimo kibovu. Badiliko lisiloonekana kwa jicho huaminika likiwa na vitu vitatu: mahali pamoja, tarehe mbili, na kipimo cha aina moja. Kwa Kiingereza umbo lake ni hili, na tarakimu ni za mfano: "Between January 2023 and January 2025 the high-water mark moved 1.4 metres inland, or about 70 centimetres a year." Ni "a year", si "per a year".

Pwani kuna kikwazo chake. Tanga maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, hupanda au kushuka zaidi ya mita 3 ndani ya saa sita hivi, wakati usawa wa bahari duniani umepanda kwa wastani wa zaidi kidogo ya milimita 3 kwa mwaka tangu satelaiti zilipoanza kuupima mwaka 1993. Aliyepima Januari maji yakiwa bamvua na akarudi yakiwa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, alichopima ni mwezi, si bahari. Rudi kwenye hali ileile ya maji na uitaje. Bamvua ni "spring tide" na maji mafu ni "neap tide". "Spring" hapa haina maana ya chemchemi wala ya majira ya Ulaya. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mwaka mzima. Mfasiri aliyeandika "the tide of the spring season" amempoteza kila mtu.

"Kwa" na "hadi" zina uzito wa fedha. "Umepungua kwa kilo 20" ni "fell by 20 kilos". "Umepungua hadi kilo 20" ni "fell to 20 kilos". Kutoka kilo 60, ya kwanza inakuacha na 40 na ya pili na 20. "Imepungua mara tatu" usiihamishe kabisa. Andika "fell to a third". Na asilimia 40 ikifika 42, imepanda "by two percentage points". Ukisema "by two per cent" umeandika namba nyingine, maana kwa hesabu hiyo ongezeko ni asilimia 5.

Kumsaidia msomaji aione milimita, waandishi wa Kiingereza hulinganisha na ukuaji wa kucha. Kucha za vidole vya mkono hukua karibu milimita 3 kwa mwezi, kama sentimita 3 na nusu kwa mwaka. Mlinganisho huo unafaa kwa mwendo wa baadhi ya mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia vinavyosogea, ila haufai kwa Bonde la Ufa letu, linalotanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka. Kagua hesabu kabla ya kuazima picha.

Kurudi kwa mzee

Kwa vyombo hivyo, jibu la mwanzo linaweza kuandikwa hivi:

"The sea has been creeping in. It did not happen overnight. It came little by little, so gradually that we ourselves hardly noticed. That palm used to stand well back from the water. Now its roots are exposed."

Angalia kilichofanyika. "Siku moja" imekuwa "overnight", maana "one day" kwa Kiingereza hufungua hadithi. "Hata sisi wenyewe" imekuwa "we ourselves", si "even us we". "Ulikuwa mbali" imepewa mahali ulipokuwa mbali napo, "from the water", kwa sababu Kiingereza hakipendi umbali usio na ncha ya pili. "Iko nje" imekuwa "exposed". Sentensi za mwisho zimebaki fupi makusudi. Mzee alizisema fupi, na kuziunganisha kwa "whereas" kungemvika tai asiyoivaa.

Kama ripoti inahitaji sababu, iandike kwa kipimo cha unachokijua. Mikoko iliyokatwa na mchanga unaochotwa kwa ujenzi navyo hula ufukwe, kwa hiyo usitupie kila kitu kwenye usawa wa bahari. "Has contributed to" ni salama kuliko "has caused".

Methali, na yule chura

Wazungumzaji wa Kiingereza wana chura wao anayechemshwa polepole bila kuruka, "the boiling frog". Kama chura wa kweli hana ukweli wowote: maji yakizidi joto anatoka zake. Msomaji anayejua biolojia atakukata hapo, basi muache.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta" ina mwenzake wa karibu, "a stitch in time saves nine". "Haba na haba hujaza kibaba" hukaa karibu na "every little helps", ingawa hiyo ni nyepesi zaidi. "Chovya chovya humaliza buyu la asali" watu huitafsiri "death by a thousand cuts". Maana inafika, ila utamu umekwisha na damu imeingia. Ushauri wetu ni kuipeleka ilivyo: "As people here say, dip after dip empties the honey gourd." Hakuna mfadhili atakayeuliza maana yake. Moja tu kwa ripoti nzima, lakini.

Kwa wanaosema kwa mdomo

Mwongoza watalii ndani ya Mapango ya Amboni hana muda wa kufuta. Mgeni anaelekeza tochi juu ya dari na kuuliza jiwe lile limekua kwa muda gani. Jibu fupi na sahihi: "It grows drop by drop, usually less than a millimetre a year." Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni udongoni, huyeyusha chokaa yakipita kwenye mwamba, na yakifika pangoni huiacha tena kama utando mwembamba mno: "Each drop leaves behind a trace of lime." Linaloning'inia ni "stalactite", lenye c kama "ceiling", linaloinuka kutoka chini ni "stalagmite", lenye g kama "ground". Usiseme "it is growing slowly by slowly since long", hata kama mgeni anatabasamu.

Matamshi yanaharibu zaidi ya sarufi. "Subtle" haina b: SA-tol. "Gradual" ni GRA-ju-ol, mkazo mwanzoni, wakati sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. "Imperceptible" hukazwa katikati, im-pa-SEP-ti-bol. "Minute" ya dakika ni MI-nit, lakini ya udogo ni mai-NYUT, na mgeni akisikia "a minute change" kwa matamshi ya dakika atatazama saa yake. "Worn" na "warn" husikika sawa, kwa hiyo acha maneno ya jirani yaamue. Irabu ya "seep" ivute hadi ikuchoshe. Ukiifupisha inakuwa "sip", na utakuwa umewaambia wageni kwamba bahari inanywa visima vya Tongoni kwa mafunda madogo.